Waini nyekundu za Italia na mahali shamba lilipo: maswali yanayoulizwa sana

Maswali haya yanarudi kila mara kwa watu wanaoanza kupenda waini za Italia, na mengi yanaanzia palepale, mtu kanunua chupa mbili zenye jina moja akakuta ladha ziko mbali kabisa. Nimeanza na ya msingi nikaenda kwenye yale magumu. Ukiona "angalia swali la fulani" ujue jibu liko huko, sijataka kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Zabibu si zabibu tu? Mahali shamba lilipo panabadilisha nini?

Panabadilisha karibu kila kitu unachokisikia mdomoni. Zabibu ikianza kuiva sukari inapanda na uchachu unashuka, na wakati huohuo ngozi na mbegu nazo zinaiva kwa mwendo wake zenyewe, na huko kwenye ngozi ndo inakotoka rangi, harufu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Shida ni kwamba mambo haya hayatembei pamoja. Shamba likiwa na joto sana sukari inakimbia, unajikuta unavuna zabibu tamu yenye ngozi mbichi, waini inatoka na kileo kikali na harufu ya jamu. Shamba likiwa na baridi sana zabibu inabaki chachu na ukakasi wake ni kama wa bibo bichi.

Mahali pazuri ni pale ambapo zabibu ya aina hiyo inafika kuiva kwa shida kidogo, polepole, mwishoni mwa msimu, joto la mchana linaivisha na baridi ya usiku inaulinda uchachu usiishe. Shika hilo tu, maana karibu majibu yote huko chini yanarudi hapo.

2. Ni vitu gani hasa vya mahali vinavyohesabika?

Urefu kutoka usawa wa bahari (kila mita 100 ukipanda hewa inapoa kwa nyuzi kama 0.6 hivi), upande ambao mteremko unaangalia, udongo unavyoshika au kuachia maji, upepo, na kilicho jirani, yaani bahari, ziwa, mto au mlima mrefu unaokinga dhoruba.

Italia imejaliwa vyote hivyo katika nchi moja nyembamba. Ina mikoa 20 na yote inalima mizabibu, kuanzia mabonde ya Alps mpakani na Austria mpaka Pantelleria, kisiwa ambacho kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sicilia yenyewe, na katikati safu ya Apennine imepita kama uti wa mgongo. Ndo maana ukiendesha gari nusu saa tu unakuta zabibu ileile inavunwa wiki mbili baadaye.

3. Kwanini mashamba ya maana yako vilimani wakati rutuba iko bondeni?

Kwa sababu mzabibu ukishiba unaharibika. Ukiupa udongo mnene wenye rutuba na maji mengi unatoa majani na mikonyo mirefu na matunda makubwa yaliyojaa maji, waini yake nyepesi haina kitu. Mlimani mvua inateremka haraka, udongo ni mchache, mizizi inalazimika kwenda chini kutafuta, matunda yanakuwa madogo na ngozi inakuwa nyingi ukilinganisha na maji ya ndani. Waini nyekundu inatengenezwa na ngozi, kwa hiyo hapo umeshapata faida.

La pili ni baridi. Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni, na ikitokea jalidi ya Aprili machipukizi ya bondeni yanaungua wakati ya juu kilimani yako salama. Kwenye Barolo, waini ya vilima vya Piemonte kaskazini-magharibi ya Italia, jambo hili limeandikwa kabisa kwenye kanuni za kisheria za waini hiyo, bondeni hairuhusiwi na shamba lazima liwe kati ya mita 170 na 540. Tambarare zenye waini nzuri zipo lakini zina sababu zake, angalia swali la 19.

4. Upande wa kilima una umuhimu gani? Kusini, kaskazini, si jua ni lilelile?

Kwetu karibu na ikweta jua linapita utosini, kwa hiyo jambo hili halituingii kichwani haraka. Piemonte iko nyuzi 44 na kitu kaskazini, mwezi wa Oktoba jua linakaa chini upande wa kusini siku nzima, mteremko unaotazama kusini unalipokea usoni na ule unaotazama kaskazini uko kivulini. Wakulima wa zamani walikuwa wanaangalia wapi theluji inayeyuka kwanza, hapo ndo walipanda Nebbiolo, zabibu ya Barolo. Huko mteremko wa kusini wanauita sorì na kilele cha kilima bricco, utayaona maneno hayo kwenye lebo nyingi. Kanuni za Barolo zinakataa mashamba yanayotazama kaskazini, na ukipita pale utaona pande hizo zina msitu au miti ya hazelinati, zile njugu ambazo Ferrero wa Alba wanatengenezea Nutella.

Ila usiibebe kama sheria ya Italia nzima. Etna, mlima wa volkano wa Sicilia, mambo yamegeuka, angalia swali la 10.

## Sehemu kwa sehemu

5. Barolo na Barbaresco zote ni Nebbiolo, tofauti inatoka wapi?

Zote zinatoka vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, na zote ni Nebbiolo tupu. Nebbiolo ni zabibu inayosumbua, inachipua mapema na kuiva ya mwisho, kwa hiyo inapewa sehemu bora za kilima halafu Barbera na Dolcetto zinachukua zilizobaki.

Barbaresco iko karibu na mto Tanaro, vilima vyake viko chini kidogo na hewa ina joto kidogo zaidi, zabibu inaiva mapema na waini inalainika mapema. Hata kanuni zinalifuata hilo, Barolo inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa na 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, Barbaresco miezi 26 na 9 ya mbao. Ukivuka Tanaro upande wa pili unakuta Roero ambako udongo una mchanga mwingi, Nebbiolo yake ina harufu nzuri na ukakasi mdogo, unainywa ikiwa changa bila kuteseka, na kwa maoni yangu haipewi heshima inayostahili.

6. Nimekunywa Barolo mbili, moja laini moja inakausha mdomo mzima. Moja ni feki?

Hapana, angalia kijiji. Barolo inalimwa katika vijiji 11 na udongo wake haufanani. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, kuna udongo wa kijivu unaoelekea bluu, mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, waini za huko zina harufu ya maua na zinafunguka mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na sehemu ya Monforte, tabaka ni la zamani zaidi, gumu, lina chokaa na mawe ya mchanga, waini inatoka na misuli na ukakasi ambao unahitaji miaka 10 na zaidi kutulia. Castiglione Falletto imekaa katikati na mara nyingi ladha yake nayo iko katikati.

Kilima cha Cannubi ndo maarufu kuliko vyote, kipo pale ambapo aina hizo mbili za udongo zinakutana, na kuna chupa iliyohifadhiwa mpaka leo yenye jina Cannubi na mwaka 1752, wakati huo neno Barolo lilikuwa bado halijawa jina la waini. Kwa hiyo watu walishajua shamba hili ni zuri kabla hawajawa na sheria ya kulilinda.

Ukitaka ya kunywa mwaka huu chukua La Morra, ukitaka kuweka kwa ajili ya mtoto akimaliza shule chukua Serralunga. Si kila chupa itatii, mkono wa mtengenezaji nao upo (swali la 17).

7. Chianti na Chianti Classico si kitu kimoja?

Si kimoja. Chianti Classico ni eneo la asili, vilima vilivyo kati ya Firenze na Siena, ambavyo Cosimo III wa ukoo wa Medici aliviwekea mipaka kwa amri ya mwaka 1716. Chianti ya kawaida ni eneo kubwa lililokuja kutanuliwa baadaye, mnamo 1932, likazunguka mkoa wa Toscana kwa upana, kuna sehemu nzuri na kuna tambarare ambazo zinatoa waini ya kunywea tu pasta. Alama ya Classico ni jogoo mweusi shingoni mwa chupa.

Zabibu ni Sangiovese, Classico angalau asilimia 80. Udongo unaosifiwa ni galestro, mawe membamba yanayovunjika kama vigae, na alberese, chokaa ngumu. Vyote viwili vinaachia maji haraka. Tangu 2021 Classico imegawanywa katika maeneo 11 yanayoweza kuandikwa kwenye lebo za daraja la juu, Gran Selezione, na hapo ndo utaona tofauti vizuri, Panzano ina bonde la wazi linalotazama kusini linaloitwa Conca d'Oro, waini nene yenye joto, na Lamole na Radda ziko juu na baridi, waini nyembamba zaidi lakini harufu yake haisahauliki. Mimi ni wa Radda, sijifichi.

Nje ya Classico kuna sehemu moja ya kutafuta, Rufina, mashariki ya Firenze kwenye miguu ya Apennine. Upepo wa mlimani unaipoza na waini zake zinaishi muda mrefu.

8. Brunello ni Sangiovese pia, kwanini nzito kuliko Chianti?

Brunello inatoka Montalcino, ambayo iko kusini zaidi na ina ukame zaidi, na kusini yake umesimama Monte Amiata wenye mita 1,738 unaokinga dhoruba na mvua ya mawe. Zabibu inaiva vizuri karibu kila mwaka, kwa hiyo wanaweza kutumia Sangiovese asilimia 100 bila kuisaidia na zabibu nyingine. Chupa haitoki mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na daraja la Riserva linangoja mwaka wa sita.

Lakini Montalcino ni kilima kimoja kikubwa, mji uko juu kwenye mita 564 na mashamba yameteremka pande zote nne. Upande wa kaskazini kama Montosoli kuna baridi na waini imenyooka, upande wa kusini kuelekea Sant'Angelo in Colle na Castelnuovo dell'Abate kuna joto la Mediterania na waini ni pana, ya tunda lililoiva sana. Mwaka wa joto kali kimbilia kaskazini, mwaka wa mvua kimbilia kusini.

9. Bolgheri iko pwani, tambarare, na zabibu ni za Kifaransa. Imekuwaje ikawa ghali hivyo?

Ni mfano mzuri wa mtu kusoma ardhi tofauti na majirani. Mario Incisa della Rocchetta alipanda Cabernet miaka ya 1940 kwenye shamba la familia, Tenuta San Guido, sehemu ya Toscana ambayo zamani ilijulikana kwa vinamasi na malaria. Mawe aliyoyaona yalimkumbusha mashamba ya Bordeaux, na waini yake inaitwa Sassicaia, jina ambalo lenyewe linatokana na mawe. Mawe yanaachia maji, upepo wa bahari unapoza mchana, na vilima vya nyuma vinazuia baridi ya bara, Cabernet ikaiva bila kupikwa.

Waini ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya mwaka 1968. Kwa sababu kanuni za sehemu ile hazikutambua waini nyekundu ya namna hiyo ikauzwa kwa miaka mingi kama "waini ya mezani", daraja la chini kabisa. Kanuni za waini nyekundu ya Bolgheri zilikuja 1994, na 2013 Sassicaia ikapewa eneo lake peke yake kisheria. Kwa hiyo lebo inaweza kuchelewa kwa miaka 25 nyuma ya ukweli wa ardhi, kumbuka hilo ukifika swali la 14.

10. Etna ni volkano hai. Watu wanalima nini huko?

Zabibu nyekundu ya huko inayoitwa Nerello Mascalese, na siku hizi waini yake ni kati ya waini nyekundu zinazotafutwa sana Italia. Mashamba yanapanda kutoka mita 400 mpaka karibu 1,000 kwenye mlima unaopita mita 3,300. Upande unaothaminiwa zaidi kwa nyekundu ni ule wa KASKAZINI, vijiji kama Randazzo, Passopisciaro na Solicchiata, yaani upande uleule ambao Barolo umepigwa marufuku. Sababu ni ya swali la 1, Sicilia jua ni la kumwaga na anayelima Nerello anatafuta namna ya kupunguza joto ili zabibu isiive Agosti, huko juu inafika Oktoba, mchana joto na usiku unavaa koti.

Udongo ni majivu na mchanga mweusi wa lava, na kila mkondo wa lava una umri wake, mmoja wa karne hii na mwingine wa maelfu ya miaka, ndo maana wameligawa eneo katika contrada, vipande vyenye majina, na chupa mbili za mtengenezaji mmoja kutoka contrada mbili jirani zinatofautiana waziwazi. Mchanga una faida nyingine, mdudu filoksera aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 hapendi mchanga, kwa hiyo bado kuna mizabibu mizee iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa. Upande wa mashariki unapata mvua nyingi kutoka baharini, huko wanasifika zaidi kwa nyeupe.

11. Waini za kusini si zote nzito na tamu kwa sababu ya joto?

Hapana, na hii dhana inawanyima watu raha kubwa. Irpinia, ndani ya Campania, ni milima. Zabibu ya Aglianico ya Taurasi inalimwa mita 400 mpaka 700 na inavunwa mwisho wa Oktoba na mara nyingi Novemba, baada ya watu wa kaskazini wengi kumaliza. Inatoka na uchachu na ukakasi mkali, inahitaji subira kama Barolo. Basilicata kuna Aglianico nyingine kwenye miteremko ya Monte Vulture, volkano iliyokufa, ina moshi kidogo na giza zaidi.

Ukitaka ile ya joto kweli, nenda Puglia, Primitivo ya Manduria karibu na bahari ya Ionio, udongo mwekundu juu ya chokaa, zabibu inaiva Agosti au mwanzo wa Septemba na kileo kinapita asilimia 14 kirahisi. Halafu ilinganishe na Primitivo ya Gioia del Colle ambayo iko juu kwenye uwanda wa Murge, mkoa uleule na zabibu ileile, lakini ina uhai na hamu ya glasi ya pili.

12. Inawezekanaje waini nyekundu ya maana itoke Alps?

Kwa sababu ya mto uliopita upande sahihi. Mabonde mengi ya Alps yanashuka kwenda kusini lakini Valtellina, huko Lombardia, mto Adda unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ukingo mmoja mzima wa bonde unatazama kusini. Milima ya kaskazini inazuia upepo wa baridi na upepo wa kutoka ziwa Como unakausha majani. Wamejenga matuta kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, mawe yanashika joto la mchana na kulirudisha usiku, na Nebbiolo, ambayo wao wanaiita Chiavennasca, inaiva. Kipande kimoja ni cha joto mpaka kinaitwa Inferno, vingine ni Sassella, Grumello, Valgella na Maroggia.

Mashine haiingii huko, kila kitu ni mgongo wa mtu, na kuna wanaokodi helikopta kushusha zabibu. Ukiona bei yake bado iko chini ya Barolo, nunua.

13. Amarone zabibu zinakaushwa kwanza. Shamba lina maana gani tena hapo?

Lina maana kubwa. Amarone ni waini ya Valpolicella, kaskazini ya Verona, zabibu za Corvina na wenzake zinalazwa kwenye vichanja kwa miezi mitatu hivi mpaka zipoteze theluthi ya uzito au zaidi, ndipo zinakamuliwa. Kasoro yoyote uliyoingia nayo inakuzwa pamoja na sukari. Zabibu ya tambarare yenye maji mengi na ngozi laini inaoza kirahisi, ya kilimani ina ngozi ngumu na vishada vilivyoachana. Hata ghala la kukaushia linahitaji hewa kavu inayopita. Eneo la kihistoria ni vijiji vya Fumane, Marano, Negrar, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano, lebo itaandika Classico.

## Lebo na pesa

14. DOC, DOCG, IGT. Si zinaniambia ipi ni bora?

Hizi ni alama za kisheria za lebo, zinakuambia imetoka wapi na kanuni gani zimefuatwa, kama aina ya zabibu, kiasi cha mavuno kwa hekta na muda wa kukaa. Mfumo wa DOC ulianza na sheria ya 1963, DOCG, daraja lililo juu yake, za kwanza kama Brunello na Barolo ni za 1980, na IGT, yenye kanuni legevu zaidi, ilikuja 1992 hasa kwa ajili ya waini nzuri ambazo hazikuingia kwenye kanuni, kama zile za Toscana zilizofuata nyayo za Sassicaia (swali la 9). Kwa hiyo kuna DOCG za kawaida sana na kuna IGT za kukutoa machozi. Eneo likiwa dogo kwenye lebo ndo unapata habari zaidi, "Toscana" haisemi kitu, "Radda" inasema mengi.

15. Jina la shamba likiandikwa kwenye lebo ndo bora zaidi?

Sio lazima. Barolo mwaka 2010 iliorodhesha rasmi majina 181, na 170 kati yake ni ya mashamba au vilima, Barbaresco ilitangulia 2007 na majina 66. Orodha hizi ni ramani, hazipangi madaraja. Bussia ya Barolo kwa mfano ina karibu hekta 300, ndani yake kuna miteremko mizuri ajabu na kuna kona ambazo zimebebwa na jina tu. Cannubi nayo iligombaniwa mpaka mahakamani, nani wa pembeni anaruhusiwa kuandika jina hilo, kwa sababu jina ni pesa.

Neno Vigna likifuatiwa na jina lina uzito zaidi, ni kipande kilichosajiliwa na mavuno yanayoruhusiwa yanapungua, Barolo ni tani 8 kwa hekta, ikiandikwa Vigna ni 7.2.

16. Montepulciano ni mahali au zabibu?

Vyote. Vino Nobile di Montepulciano inatoka mji wa Montepulciano, Toscana, na zabibu yake ni Sangiovese hasa. Montepulciano d'Abruzzo ni zabibu inayoitwa Montepulciano, inalimwa kati ya Gran Sasso na bahari ya Adriatic. Hazina undugu.

17. Shamba zuri na mtengenezaji mbovu, au shamba la kawaida na mtengenezaji mzuri, nichague ipi?

Mtengenezaji mzuri, bila kusita. Shamba linaweka dari, mtu ndo anaamua atafika wapi chini ya dari hiyo. Mtu anayevuna kupita kiasi kisha akafunika kila kitu na harufu ya mapipa mapya anaweza kuua hata Cannubi, na nimeshakunywa chupa za namna hiyo nikasikitika kwa ajili ya ardhi. Ila mtengenezaji hodari kwenye shamba dhaifu atakupa waini safi ya kufurahisha, hawezi kuipa urefu ambao shamba halina.

18. Bajeti yangu ni ndogo. Nifaidike vipi na haya yote?

Tafuta mdogo wake yule mkubwa, kutoka mtengenezaji yuleyule. Langhe Nebbiolo ya mtu anayetengeneza Barolo, Rosso di Montalcino ya mtu wa Brunello. Mara nyingi ni zabibu za mizabibu michanga au za miteremko iliyokosa sifa kidogo, bei nusu au chini ya hapo. Halafu nenda sehemu ambazo jina halijapanda, Roero, Rufina, Vulture, na Montepulciano d'Abruzzo kutoka vilima vya Teramo. Epuka Barolo ya bei ya kutupwa supamaketi, ardhi pale ni ghali mno, kuna mahali lazima wamekata.

## Maswali magumu

19. Kuna waini nyekundu nzuri ya tambarare kabisa?

Ipo, na bora kwangu ni Teroldego ya Piana Rotaliana huko Trentino. Ni uwanja bapa kati ya kuta za milima, lakini chini yake ni kokoto nene zilizoletwa na mto Noce na mto Adige, maji yanapita kama kwenye chekecheke, na kuta za mawe zinarudisha joto. Kwa hiyo kinachotakiwa ni maji yasituame, mteremko ni njia moja tu ya kulipata hilo. Lambrusco ya Emilia nayo ni ya tambarare, hiyo inataka uchachu na mapovu na kunywewa pamoja na nyama ya nguruwe, ukiihukumu kama Barolo unaionea.

20. Wanasema unaonja mawe na majivu ya volkano. Ni kweli?

Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe. Inanyonya maji na madini kidogo yaliyoyeyuka, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukisikia. Udongo unafanya kazi kwa njia ya maji, joto na nguvu ya mti, na hivyo vinabadilisha uchachu, ukubwa wa tunda na ngozi. Ule moshi wa Vulture niliousema swali la 11 ni harufu halisi kwenye glasi, lakini hautoki kwenye lava moja kwa moja.

21. Dunia inapata joto. Mashamba bora yatabaki yaleyale?

Yameshaanza kuhama. Radda na Lamole zamani miaka mingi zilitoa waini chachu zisizoiva, leo watu wanazikimbilia. Etna wanapanda juu zaidi, na ukipita mpaka wa DOC unalazimika kuuza bila jina la Etna. Hata Barolo mjadala wa kuruhusu miteremko ya kaskazini umeanza, jambo ambalo zamani lingekuwa matusi. Joto pia linachipusha mizabibu mapema, kwa hiyo jalidi inapokuja, kama ile ya Aprili 2017, inakuta machipukizi yameshatoka. Mimi nawahurumia waliorithi mteremko wa kusini kabisa, ule wa dhahabu wa babu zao, ambao mwaka wa ukame sasa zabibu zinaungua.

22. Dodoma kuna zabibu na walioanzisha ni mapadre wa Kiitaliano. Tunaweza kutoa Barolo?

Ni kweli wamisionari wa Kiitaliano ndio walioleta kilimo cha zabibu Bihawana, miaka ya 1950. Lakini Barolo, hapana. Nebbiolo imejaribiwa California na Australia, sehemu zenye wataalamu na mitaji, na bado ni wachache waliofika karibu na ile ya nyumbani kwake. Inataka majira ya baridi kali ya kulala, majira ya kuchipua ya taratibu na Oktoba ndefu ya ukungu.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, mita 1,100 hivi. Hakuna baridi kali ya namna hiyo, mzabibu haulali, mkulima ndiye anayeamua msimu kwa kupogoa, na unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hapo swali linakuwa lingine kabisa: zabibu ipi inaiva polepole kwenye usiku wa Dodoma, kwenye udongo upi, na upogoe mwezi gani ili iive wakati wa kiangazi chenye usiku wa baridi. Ile ya kienyeji, Makutupora nyekundu, inaipenda nchi ile, na mimi ningeanzia hapo, nipime kipande kwa kipande kuanzia Hombolo mpaka Bihawana, kabla ya kuagiza mche wowote kutoka Alba.